Mshumaa wa Mchana

Shangazi yangu hakuongea na mshumaa usiku. Usiku, alisema, mshumaa uko kazini: unamulika sufuria, unamulika mbu, unamulika mtu anayetafuta ndala yake ya pili, na kitu kilicho kazini hakisumbuliwi kwa maswali. Ukitaka jibu usubiri mchana, mshumaa ukiwa umekaa tu hauna shughuli. Ndiyo maana nyumba yetu pale Bariadi ilikuwa inawasha mishumaa mchana kweupe, jua linachoma bati mpaka linalia, halafu jioni tunapapasa gizani kwa sababu mishumaa imekwisha.

Nilikuwa naishi naye tangu nilipomaliza darasa la saba. Wazazi wangu walikuwa Bukundi, kule Meatu, na ng'ombe wao, na baba alinileta kwa dada yake nijifunze cherehani mjini. Hiyo ndiyo sababu iliyosemwa. Sababu nyingine ni kwamba shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, na mtu hawezi kuishi peke yake na kuongea na kuta. Kwetu shangazi tunamwita sengi, na sengi si mtu wa kuchezea. Ndoa ya binti wa kaka yake, neno lake likikosekana, haiendi popote. Mama akikasirika, baba alikuwa anacheka. Shangazi akikasirika, baba alikwenda mwenyewe kuchunga, hata kama wachungaji wapo.

Sasa, huu ujuzi wa mshumaa aliutoa wapi? Babu yangu, baba yake, alikuwa mfumu, mganga wa kusoma kuku. Watu walimletea kifaranga, akakipasua, akasoma ndani: hapa kuna kaburi mmelisahau, hapa kuna mvua, hapa kuna jirani mwenye mdomo mrefu. Shangazi alikua amekaa pembeni ya baba yake, akishika miguu ya kifaranga na kutazama. Alipobatizwa akaambiwa kuku wa ramli ni dhambi, na yeye akakubali bila ubishi. Aliacha kuku kabisa. Tatizo ni kwamba alibaki na macho ya kusomea na hana cha kusoma.

Ndipo siku moja kanisani akautazama mshumaa wa altare. Alirudi nyumbani amebadilika.

"Mshumaa anauwasha padri mwenyewe," aliniambia. "Unakaa karibu na Mungu kuliko mimi na wewe. Sasa niambie, dhambi iko wapi?"

Sidhani hata padri angekuwa na jibu. Basi akamhamisha kuku mzima akamtia ndani ya mshumaa. Nta ikichuruzika, huo ndio ulikuwa utumbo. Ikichuruzika kulia ni mambo ya upande wa baba, kushoto ni ya upande wa mama. Utambi ukijikunja kichwa, hilo lilikuwa ini. Moto ukirusha cheche ni ugomvi, ukitoa moshi mweusi ni roho mbaya, na moshi ule wa mwisho, baada ya kuzima, ukipanda wima ni heri, ukishuka chini ni kwamba umechelewa kuuliza. Na jibu halikamiliki mpaka mshumaa wote uishe wenyewe. Hapo hakuwa na mchezo. "Kuku hasomwi nusu," alisema.

Zamani, enzi za maduka matupu, ujuzi huu haukumsumbua mtu. Mshumaa ulikuwa kitu cha kuficha. Tulikuwa na kipande kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa, cha dharura, mtu akijifungua au akifa, na siku zote nyingine tuliwasha koroboi, ambayo ilitoa moshi mwingi kiasi kwamba kama kila moshi ungekuwa na maana, tungekuwa tumekwisha siku nyingi. Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa. Wanunuzi wa pamba wakaja na magari yao ya kila rangi, kila mmoja akisema mzani wake ndio wa kweli, na madukani vikamwagika vitu ambavyo hatukuvijua hata majina. Mishumaa ikaja minene, ikaja myembamba, ikaja ya rangi ya waridi, ikaja mingine midogo ya keki ambayo shangazi alijaribu kuiuliza habari za mvua ikaisha kabla hajamaliza swali.

"Hii ni ya watoto," alisema. "Haina subira."

Watu wengine walishangilia ruksa kwa sababu ya sukari na vitenge. Shangazi aliishangilia kwa sababu sasa angeweza kuuliza chochote. Aliuliza kama kuku wetu atataga. Aliuliza kama jirani ndiye aliyechukua ndoo, na mshumaa ukamtaja, na ndoo ikaonekana kisimani, na shangazi akasema jirani aliirudisha baada ya kusikia amewashiwa. Hukuweza kumshinda. Katekista wa parokia alikuja siku moja kuhakikisha kama maneno anayoyasikia ni kweli, akamkuta ameinama mbele ya mshumaa amefunika kichwa kwa khanga. Akadhani anasali. Akapiga magoti pembeni yake, akasali naye sala ndefu kwelikweli, mimi nimesimama mlangoni nimejiziba mdomo. Alipomaliza, shangazi akamwambia, "Asante, baba. Mshumaa umesema mbuzi wako aliyepotea yuko hai." Katekista alifungua mdomo akemee. Akafunga. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Upande gani?"

Jambo moja zaidi la kumhusu shangazi: aliuchukia upepo. Si upepo wowote, ule wa mgongoni. Alikuwa anaumwa kifua, na aliamini kwamba maradhi yote duniani huingilia kati ya mabega. Alivaa sweta Oktoba, wakati mbwa wanalala ndani ya mitaro wakitafuta ubaridi. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo ileile, na ukikuta mtu amekaa hapo ujue ni mgeni, na ujue atahama. Nyumbani kiti chake cha kigoda kilikuwa kimeegemea ukuta, siku zote, na mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta huohuo. Kila usiku nilimpaka dawa ya kuchua, ile ya kopo inayotoa machozi, na alinielekeza kama dereva: kulia, chini, rudi, hapohapo.

Basi nikapenda.

Alikuwa mfanyabiashara wa mnadani, mtu wa Malampaka, anapokea mizigo kwenye treni ya Mwanza na kuizungusha kwa baiskeli minada yote mpaka kwetu. Aliuza beseni za plastiki, vioo, nyembe, sabuni, na mishumaa. Alikuwa na maneno mengi. Nilikwenda kununua sindano ya cherehani, akanieleza historia nzima ya sindano mpaka nikasahau kwetu ni wapi. Nilirudi tena kununua sindano nyingine. Nadhani katika msimu ule hakuna fundi aliyevunja sindano kama mimi. Alipotuma mjumbe kwa baba kule Bukundi kusema ana nia, baba alijibu kama nilivyojua atajibu: yeye hana neno, ila aanze kwa dada yake Bariadi. Dada yake akisema ndiyo, waje tuongee ng'ombe. Akisema hapana, wasichoshe miguu.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka habari za mishumaa. Nilimtaka yule mtu. Niseme wazi, maana sasa mimi ni mtu mzima na aibu imenitoka: nilimtaka mpaka nilikuwa nashona mikono ya gauni kwenye kiuno. Na maisha yangu yote yakawa yamesimama juu ya kisosi cha mshumaa.

Shangazi alichagua Jumapili, baada ya misa. Nikatumwa dukani kununua mshumaa, na kwa kuwa mapenzi hayana akili, nikaenda kuununua kwake. Nilifikiri mshumaa wa kwake utamtetea. Loo! Shangazi aliuwasha, akautia maswali, na ule mshumaa ukaanza kumchongea mwenyewe aliyeuuza. Ulitoa moshi mweusi kama lori la pamba linalopanda mlima. Ulirusha cheche. Nta ikachuruzika kushoto, ikachuruzika kulia, ikamwagika mezani, na utambi ukajikunja ukawa na kichwa kama uyoga. Mwishoni ukainama wote mzima, taratibu, ukalala chali juu ya kisosi.

Shangazi akakunja mikono. "Roho yake ina moshi," alisema. "Na hana uti wa mgongo."

Nilimpelekea mchumba wangu hukumu hiyo mnadani, nikitegemea atalia. Hakulia. Alikasirika, lakini si kama mchumba, alikasirika kama muuza duka.

"Utambi! Huo ni utambi mrefu!" alipiga kelele mpaka mama mmoja akarudisha beseni alilokuwa ameshika. "Mmeukata? Hamkuukata? Na mmeuweka wapi, juani? Mshumaa una kosa gani hapo?"

Akanikalisha juu ya kreti la soda, akaanza kunifundisha kutunza mshumaa, wakati wateja wake wanaondoka mmojammoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mapenzi, na ninayakumbuka yote. Mshumaa hauwekwi karibu na bati wala dirishani, unalainika na kupinda, na ukishapinda nta yake humwagika upande mmoja tu; ufunge kwenye gazeti, uulaze sehemu ya ubaridi, pembeni ya mtungi wa maji. Kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki mfupi kama punje ya mpunga, maana utambi mrefu hunywa nta kuliko uwezo wake, na ulevi huo ndio moshi. Ukiota kichwa cheusi, zima, kiondoe, washa tena. Usiudumbukize kijiti cha kiberiti kwenye nta, uchafu ule ndio hurusha cheche. Uusimamishe kwa kudondosha nta yake yenyewe kwenye kisosi na kuukandamiza ungali moto. Mara ya kwanza uuache uwake mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni, usiuzime haraka haraka, la sivyo moto utachimba shimo katikati na kuzama humo. Ukizima usipulize, ufunike kwa kijiko. Na zaidi ya yote, usiuweke penye upepo.

"Umeelewa?" aliniuliza.

"Nimeelewa."

"Rudia."

Nikarudia yote. Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wa mnadani anayemfaa, na kwetu sisi huko si kutukanwa.

Safari ile alinipa mshumaa mnene kutoka Mwanza, wa bei, ambao hata yeye mwenyewe hakuwa anauwasha. Nikaulaza pembeni ya mtungi. Shangazi alipouliza unafanya nini pale nikasema unapumzika, naye akaona ni jibu la kawaida kabisa. Nikaukata utambi kwa mkasi wa cherehani. Jumapili ikafika, ukawashwa, na jamani, mshumaa ule ulikuwa na adabu! Hakuna moshi, hakuna cheche, hakuna hata tone moja la nta lililotoka nje. Shangazi alitafuta kosa kama anayetafuta chawa.

"Hm," alisema mara kwa mara. "Hm."

Lakini moto ulilala. Ulilala kuelekea mlango wa mbele, wa barabarani, na ukabaki umelala hivyo hadi mwisho, kama kidole kinachomwonyesha mtu njia ya kuondokea.

"Umeona?" shangazi alisema, na sauti yake haikuwa na furaha ya kushinda. "Mtu wa barabarani. Ataingia, atachukua, ataondoka."

Nilijua vizuri kwa nini umelala. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili inayotazamana, wa mbele na wa uani, na kiangazi, pamba ikishavunwa na mashamba yakabaki matupu, upepo uliingia wa uani na kutokea wa mbele bila kupiga hodi. Dawa yake ilikuwa kufunga mlango mmoja. Nikapendekeza, kwa unyenyekevu wote.

"Mchana?" Shangazi alinitazama kana kwamba nimependekeza tuvue nguo. "Mlango unafungwa mchana na mtu anayekula nyama peke yake. Unataka majirani waseme sisi tunakula nyama?"

Na kweli, kwetu hilo ni neno zito. Mlango ukabaki wazi.

Mchumba wangu naye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alisema kama mlango haufungwi, basi uzibwe bila kufungwa. Jumapili iliyofuata, shangazi alipokuwa ameshawasha mshumaa mwingine (nilikuwa nimemwomba airudie kesi, na aliirudia huku akiguna), mchumba wangu akapitia uani na baiskeli yake imebeba beseni, zimepangwa moja ndani ya nyingine, mnara mzima, akaiegesha katikati ya mlango kama mtu aliyekuja kusalimia.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma cha adabu, akimwita mama, ameinama, kofia mkononi.

"Mwadila," shangazi alijibu bila kumtazama, maana macho yake yalikuwa kwenye mshumaa. Na mshumaa ulikuwa umeanza kusimama! Niliona kwa macho yangu. Ulijiinua, ukatikisika, ukawa karibu wima, nami roho yangu ikapanda nao.

Halafu upepo ukavuta pumzi. Kamba ya mpira iliyoshika beseni ikaachia, na ule mnara wote ukaja ndani. Beseni za bluu, za njano, za kijani, zilipita sebuleni zikiviringika kama ndama waliofunguliwa zizini, zikampita shangazi kulia na kushoto, zikatokea mlango wa mbele, na moja, kubwa ya kufulia, ikaja ikamfunika mshumaa kabisa. Mchumba wangu alipita katikati yetu akikimbiza mali yake huku akisema samahani mayu, samahani mayu, mpaka sauti ikapotelea barabarani.

Shangazi aliinua beseni polepole. Chini yake mshumaa ulikuwa umezimika, na moshi wake, badala ya kupanda, ulikuwa umezunguka humo ndani bila pa kwenda na sasa ukamwagika chini.

"Umechelewa kuuliza," alisema.

Nililia siku ile, sikuficha. Nilimwambia shangazi kwamba ule ni upepo, ni upepo tu, hata mtoto anauona. Alikusanya beseni mbili zilizobaki chini ya meza, akazipanga vizuri, akakaa kwenye kigoda chake na mgongo ukutani.

"Ng'wana wane," alisema baadaye, yaani mwanangu, "mwite baba yako. Waje na hao wa Malampaka. Nitawasha mbele ya wote mara moja, na litakalosemwa ndilo hilo. Mimi nimechoka."

Baba akaja kutoka Bukundi, harufu ya ng'ombe imemfuata mpaka ndani, na hasira za kuacha mifugo zimemkaa usoni. Kutoka Malampaka akaja baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua. Mchumba wangu alikuja mikono mitupu. Baiskeli aliambiwa aiache kwa jirani. Tukapeana mwadila za pande zote, tukaulizana habari za mvua, za pamba, za ng'ombe, ndipo baba alipoona mshumaa mezani.

"Dada," alisema, "mimi sina ubishi na kazi yako. Ila baba yetu alikuwa anatumia kuku. Jibu likiwa baya, angalau tulikula mchuzi. Sasa mshumaa hauliwi."

"Kuku ni dhambi," shangazi alisema.

"Kumla si dhambi."

Mzee wa kofia akatikisa kichwa kukubaliana naye. Kama shauri lingekuwa la mchuzi, ndoa ingefungwa palepale.

Shangazi akawasha. Nilikuwa nimeukata utambi mwenyewe asubuhi, nimeulaza mshumaa mwingine wa Mwanza pembeni ya mtungi wiki nzima, nimefanya kila nilichofundishwa. Lakini siku ile upepo uliamka vibaya. Khanga zilizoanikwa uani zilikuwa zinapiga makofi. Moto ulipowaka tu, ukalala. Ukalala kuelekea barabarani, umenyooka kama mkono wa trafiki. Mchumba wangu alitazama sakafu. Baba alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira ilimtoka usoni, akawa anaonekana tu kama mtu anayemwonea mtoto wake huruma na hajui la kufanya.

Shangazi aliutazama moto. Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, jinsi alivyokuwa anaangalia kifaranga labda, zamani, kabla babu hajakipasua.

Halafu akasonya.

"Mmejaa humu kama pamba kwenye gunia," alisema. "Mtu hana hata pa kupumulia. Nipisheni."

Akainuka, akashika kigoda chake, akavuka sebule yote, magoti ya watu yakimpisha. Akakiweka kigoda katikati ya mlango wa uani, akakaa. Alikaa akitutazama sisi, mgongo wake kule nje, ukiwa umeujaza ule mlango na sweta lake na khanga zake mbili. Shangazi hakuwa mtu mwembamba. Upepo ukampiga mabegani, nikaona shingo yake ikijikaza.

Moto ukasimama.

Ulisimama wima, mweupe, hata haukutikisika. Mzee wa kofia akavua kofia.

"Siuoni vizuri kutoka huku," shangazi aliniambia. "Umesimama?"

"Umesimama, sengi."

"Haujalala upande wowote?"

"Haujalala."

"Basi," alisema. "Ongeeni ng'ombe."

Wakaongea ng'ombe. Na unajua mazungumzo ya ng'ombe kwetu, hata ndama ambaye hajazaliwa hutafutiwa baba. Wakati wote huo mshumaa uliwaka, maana kuku hasomwi nusu, na wakati wote huo shangazi alikaa mlangoni. Nilimpelekea khanga nyingine ajifunike, akaikataa. Baba alimwambia, "Dada, rudi ukutani, imetosha, tumeona." Akamwambia kila mtu ashughulike na ng'ombe wake. Alianza kukohoa kabla mshumaa haujafika nusu. Alikohoa kwa kujiziba mdomo, asitikise moto. Mshumaa ule wa kutoka Mwanza, ambao niliutunza vizuri kuliko nilivyowahi kutunza kitu chochote, ulichelewa kuisha hadi nikautukana moyoni. Ungekuwa ule wa kwanza, wa moshi, ungekuwa umelala chali zamani.

Ulipozimika wenyewe, moshi ulipanda wima hadi kwenye bati. Shangazi aliutazama, akainuka kwa kushika fremu ya mlango, na upepo ukaingia palepale ukaupeperusha.

Alilala na kifua wiki ile. Nilimchua kila jioni kwa dawa ya kopo, macho yananitoka machozi, na si ya dawa peke yake. Nilikuwa nafahamu sasa, na kufahamu kuliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa namchua. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia nafasi nyuma ya nguzo kanisani, namtafutia ndala, nacheka jirani anapotajwa na mshumaa. Nikiondoka, nyumba ile ingebaki na milango miwili na yeye katikati.

"Sengi," nilisema, mkono wangu ukiwa kati ya mabega yake, "ulijua kwamba ni upepo?"

"Chini kidogo," alisema. "Rudi. Hapo."

"Tangu lini?"

Alikohoa, akatulia. "Unafikiri binti wa mfumu hajui upepo unatokea wapi?"

Nilitaka kumwambia sitakwenda, na nilijua ningekuwa nasema uongo, na yeye angeusoma bila kuwasha chochote. Basi nikachota dawa nyingine kwenye kopo.

"Na utambi ule unaukata mfupi mno," alisema, akinigeuzia bega la pili. "Huko Malampaka uache urefu kidogo."